Mko Wangapi Leo

Mume wangu alipozikwa Ubaruku sikulia. Nalisema mapema kwa sababu watu wa upande wake walilisema kabla yangu, na walilisema nikiwa nimekaa palepale kwenye mkeka, utadhani na masikio yangu yamezikwa. Nilikuwa nimemuuguza hospitalini Mbeya karibu miaka miwili, nikilala kwa dada yangu Uyole na kurudi wodini asubuhi na uji kwenye chupa. Huenda machozi niliyamaliza katika kuogopa, ya kulilia yakakosekana. Huenda si hivyo. Nilichojua ni kwamba mwili wote ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, ila mguu ukiunyoosha damu inarudi.

Muda wote huo binti yetu alikuwa kwa bibi yake, mama wa mume wangu, hukohuko Ubaruku. Nilimwacha akiwa bado anavaa kandambili ya kulia mguu wa kushoto. Nilipomkuta msibani alikuwa ametimiza miaka mitano, anapepeta mchele kwa ungo mdogo wa saizi yake, anasalimia wakubwa kwa kupiga magoti. Alinipigia magoti na mimi. "Shikamoo mama," akasema, kwa sauti ileile aliyowasalimia wageni waliokuja na basi. Nilimwona ni mtoto wa watu. Yeye pia, nadhani, aliniona mama wa watu.

Siku ya kuanua tanga ukoo ulikaa kikao. Aliyeongoza ni kaka wa mume wangu, ambaye binti yangu anamwita baba mkubwa. Ni mtu wa mashine za kukoboa mpunga. Amezoea kushindana na injini, hivyo hata jambo la faragha analitoa kwa kupaza sauti. Alisema mtoto ataondoka na mimi kwenda Iringa, ambako nilikuwa nimepata kazi ya kushona, akaanze darasa la awali. Lakini mwisho wa mwaka yeye na mama yake wangekuja kuangalia.

"Shule ikimshinda, shemeji, au wewe ukishindwa kumlea peke yako, anarudi huku kwa bibi yake. Hatutagombana."

Wote wakanigeukia. Nilikubali kama mtu anavyokubali kuketi akionyeshwa kiti. Mama mkwe alikuwa anamsuka mtoto, na alikuwa anakwenda polepole mno kwa nywele fupi kama zile.

Tulisafiri kesho yake. Basi liliposimama Igawa, wauzaji walijaa madirishani na mahindi ya kuchemsha, karanga na mayai. Nilinunua mayai matatu bila kufikiri, nikampa mfuko ashike. Sikumwambia lolote. Alitoa yai moja akaniwekea mapajani, la pili akaweka kwake. La tatu alilimenya, akachomoa uzi kwenye pindo la kitenge changu, akalizungushia na kulivuta. Yai likakatika katikati hadi kiini, huwezi kusema nusu ipi imezidi. Akanipa yangu.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi. Tukiwa wengi huwa tunakataga hivyohivyo."

Nilikula. Halikuwa na ladha, lakini wakati ule hakuna kilichokuwa na ladha, na nisingelilaumu yai.

Iringa nilipata chumba kimoja chenye sebule, juu kidogo ya soko. Kazi yangu ilikuwa kwenye duka la vitambaa la familia ya Kihindi iliyoko mjini pale tangu enzi za babu yao. Mwenye duka aliniwekea cherehani barazani. Ndani, karibu na mizani ya zamani ambayo haipimi tena kitu, alikaa mama yake, bibi mwembamba mwenye sauti ya kukwaruza, aliyejua Kihehe kunizidi. Alikuwa mtu wa vifungo: alivipanga kwa rangi, akavihesabu, akavimwaga, akaanza upya. Mwanawe aliniambia anamwachia kwa sababu daktari amesema asikae bure. Mchana, shule ya awali ikifunga, binti yangu alikuja dukani akakaa na yule bibi mpaka nimalize.

Haikupita muda mrefu mwalimu wa awali akaniita. Alikuwa binti mdogo tu, mpole, mwenye darasa lililojaa hadi mlangoni na koo lililokauka kwa chaki.

"Mama, mtoto ni mtulivu, sina shida naye," alisema. "Ila hesabu hana kabisa."

Nikamuuliza hana kivipi. Akanieleza kwamba akisema nionyesheni sita, darasa zima linanyoosha mkono mzima na kidole kimoja. Wangu anatoa vitatu mkono huu na vitatu mkono huu. Nane anaonyesha vinne na vinne.

"Si ndiyo sita hiyo, mwalimu?"

"Ni sita, mama. Lakini sivyo tunavyofundisha. Tukifika kwenye kujumlisha atachanganyikiwa."

Hilo ningeweza kulimeza. Nilipokuwa mdogo nilimwona mama mkubwa wangu akionyesha namba vilevile, akigawa sawa kulia na kushoto kama anagawia watoto wawili wenye wivu. Na sikuona mtoto akichanganyikiwa. Mwulize nane ukitoa nne, anashusha mkono mmoja, kazi imekwisha. Wenzake wanaanza kukunja kidole kimoja kimoja na kupotea njiani. Lakini mwalimu hakuwa amemaliza.

"La pili ndilo linalonitisha. Kila asubuhi mtoto mmoja anasimama mbele, anahesabu wenzake, anatuambia leo tuko wangapi. Zamu yake ikifika anasimama tu. Nikimwuliza, leo mko wangapi, ananitajia nani hajaja."

"Anapatia?"

"Anapatia. Anawajua wote. Lakini sikumuuliza nani, nimemuuliza wangapi."

Nikashukuru, nikaondoka. Njiani nilijaribu kukasirika na hasira ikakataa kuja. Nilibaki na wazo moja tu lililonyooka: mwisho wa mwaka wanakuja, na huyu mwalimu atawaambia mtoto hawezi.

Nikaanza kumchunguza nikiwa kwenye cherehani. Mlango ulikuwa wazi, niliwaona vizuri, yeye na yule bibi, na boksi la vifungo katikati yao. Bibi hakunyoosha vidole kabisa. Alihesabu kwa kidole gumba, akikipitisha kwenye vipande vya vidole vingine, kimoja baada ya kingine, kila kidole vipande vitatu, hadi mkono mmoja ukabeba kumi na mbili na wa pili bado haujaguswa. Binti yangu aliuangalia ule mkono kwa heshima. Kisha akajaribu kwa wake.

"Kidole changu kifupi, bibi."

"Kifupi, lakini vipande ni hivyohivyo. Angalia."

Walikuwa na mchezo wao. Bibi anafunika vifungo kwa kiganja, anafunua, anafunika tena, halafu kila mmoja anahesabu kwa njia yake, huyu kwa gumba, huyu kwa kugawa mikono. Jibu linatoka lilelile. Siku moja bibi alimsimulia kwamba yeye pia, utotoni, hivi alifundishwa na mama yake kabla ya shule, na mwalimu alimchapa kwa sababu hakuona vidole vikisimama.

"Ukaacha?"

"Niache kwa nini? Nilihesabu chini ya meza."

Mtoto akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akicheka tangu tutoke Ubaruku, kicheko kinene, cha baba yake. Nilikisikia, nikakitambua, nikaendelea na mshono. Ilikuwa sketi ya shule ya mtu, marinda mengi. Baadaye niligundua nimeshona rinda moja kinyume, nikalifumua.

Kwa hiyo alijua. Vifungo, maharage, machungwa sokoni, ngazi za kanisani, vyote alihesabu. Kitu alichokuwa hahesabu ni watu. Nilimuuliza jioni moja tukichambua mboga.

"Mwalimu akikuuliza mko wangapi, kwa nini humjibu?"

"Watu hawahesabiwagi."

"Nani kasema?"

"Bibi wa Ubaruku."

Sikushangaa. Hata kwetu Uyole, marehemu bibi yangu ukimwuliza una wajukuu wangapi alikujibu, "Wapo." Ukisisitiza, alikuuliza kama unataka kuwauza. Mama mkwe alikwenda mbali zaidi. Vifaranga wake hakuwahesabu. Alisimama uani, akawatazama, akasema yule mwenye doa haonekani. Alikuwa na namna ya kujua waliopo bila kupitia kwenye namba, na mtoto aliishi ndani ya namna hiyo tangu alipoanza kusema vizuri. Sisi wengine shule ilitusuuza mapema. Tunajihesabu kwenye mabasi, kwenye vikoba, kwenye sensa, na hatufikirii tena.

Ningeweza kwenda kumweleza mwalimu. Niliwaza, nikaona nitaonekana mshamba anayeleta mambo ya kijijini ofisini. Zaidi ya hapo, mwalimu angeelewa, lakini baba mkubwa angekuja mwenyewe na sauti yake ya mashine, angeuliza swali moja la mbele ya watu, mtoto angesimama kimya, na mimi ningekaa tena kwenye mkeka nikisemwa. Kama nilimtaka mtoto mwenyewe au nilikuwa sitaki tu kusemwa, wakati ule nisingeweza kukujibu. Nilimwosha, nilimlisha, nilimfunika blanketi mbili maana Iringa mwezi wa sita si mchezo. Mapenzi ya mama, yale yanayoimbwa kanisani, niliyatafuta nikayakosa. Na yeye alinitii kama anavyotiiwa mwenye nyumba.

Basi nikamfundisha. Pale barazani dukani pana watu wakati wote. Nilimwambia, "Hesabu wale wanawake wanaovuka." Akatazama sakafu. Nikarudia, nikikaza sauti. Akanyanyua macho.

"Miavuli mitatu," akasema.

"Sikuulizi miavuli."

"Vikapu viwili."

Bibi wa dukani alikohoa kule ndani, kikohozi kilichokuwa na kicheko chini yake. Mimi sikucheka. Kwa wiki nyingi binti yangu alinihesabia kofia, viatu, baiskeli, ndoo za kichwani, kila kilichobebwa na mtu isipokuwa mtu mwenyewe. Alikuwa hodari. Kwenye mstari wa mabinti wa shule alihesabu shingo za sweta. Nami kila siku nilimrudisha palepale: watu, si vitu vyao. Sikumpiga. Nilisema tu jambo moja, kwa sauti moja, bila kuchoka, na sasa najua mtoto anaweza kuogopa hilo kuliko fimbo.

Kwenye mwezi wa kumi akakubali. Alinyoosha kidole akaelekeza wanaume waliokuwa wanasubiri bajaji, akahesabu sawasawa hadi wa mwisho. Halafu akafuta kidole kwenye gauni. Mwalimu alinisimamisha njiani kunipongeza. Alisema mtoto amefunguka, anasimama mbele, anahesabu darasa zima, ingawa kwa sauti ndogo, na mara nyingine anapungukiwa mmoja kwa sababu anajisahau mwenyewe. Nikamwambia asante mwalimu.

Disemba walikuja, mama mkwe na baba mkubwa, na kilo za mchele na jogoo aliyefungwa miguu. "Kamwene," mama mkwe alinisalimia mlangoni, nikaitikia, nikampokea mzigo. Mtoto alimkimbilia. Alimkumbatia kiunoni akabaki hapo, uso ndani ya kitenge, na bibi yake akawa anamshika mgongo na mabega, akimkagua kama amekonda. Nikaenda kuchemsha chai. Mtu angeniuliza ningesema jambo limeshaamuliwa pale mlangoni.

Baba mkubwa alitaka kusikia habari za shule kwa mdomo wa mwalimu mwenyewe, kwa hiyo nilikuwa nimemwomba aje, anakaa nyumba ya tatu. Alikuja na gauni la Jumapili. Akaeleza vizuri, kwamba mwanzoni ilikuwa shida, sasa mtoto yuko sawa na wenzake, mwakani anaingia darasa la kwanza bila wasiwasi.

"Tuone sasa," alisema baba mkubwa. "Maneno tumesikia."

Mwalimu akatabasamu, akamwita mtoto katikati ya chumba. Alichagua swali alilolizoea, la kila asubuhi.

"Hebu tuhesabie, humu ndani tuko wangapi?"

Mama mkwe akaweka kikombe chini. "Mwalimu, watu si wa kuhesabu," akasema.

"Mama, ni shule hiyo," alisema baba mkubwa. "Mwache."

Mtoto alimtazama bibi yake, halafu akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na birika mkononi. Nikamwitikia kwa kichwa. Hapo akanyoosha kidole. Mwalimu, moja. Baba mkubwa, mbili. Kidole kilisita, kikaenda kwa bibi yake, tatu. Akajigusa kifuani. Nne. Akashusha mkono.

"Vizuri," alisema mwalimu. "Na mama je?"

"Nne."

"Umemsahau mama yako."

"Sijamsahau."

Baba mkubwa alipumua kwa nguvu. "Bado huyu. Tuko watano, mwanangu, hata mimi ambaye sikumaliza la saba naona tuko watano."

Mwalimu alikuwa ameiva uso kwa aibu, akaanza kusema darasani anaweza, darasani anafika mpaka mwisho. Nami nikaona mwaka mzima unamwagika mbele yangu kwa sababu ya namba moja. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa mbaya, "Nihesabu."

Akatikisa kichwa.

"Kwa nini hutaki? Umemhesabu bibi, umejihesabu mwenyewe. Nihesabu."

"Baba nilimhesabu," akasema.

Hakuna aliyeelewa. Mwalimu alimwinamia akamwuliza baba yupi. Mtoto akaeleza taratibu, akitazama miguu yake, kama anasoma kitu alichokwisha kukisoma mara nyingi. Siku alipoletwa na bibi Mbeya kumwona baba, mimi nikiwa nimekwenda Uyole kulala, walisimama mlangoni mwa wodi wakisubiri waruhusiwe. Alihesabu wagonjwa waliolala. Alihesabu kwa kidole, bibi alikuwa anaongea na nesi, hakuona. Baba alikuwa wa tano. Halafu walirudi nyumbani, halafu baba akafa.

"Nani alikwambia amekufa kwa ajili hiyo?" aliuliza mama mkwe.

"Wewe. Ulisema mtu akihesabiwa anapungua."

Mama mkwe alifungua mdomo. "Nilisema..." akaanza, akaishia hapo. Akamvuta mtoto, akamshika mashavu.

"Baba yako aliumwa figo. Zilikuwa zimeshakufa kabla sisi hatujafika pale. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Mhesabu mama yako."

"Hapana, bibi."

Alisema kwa adabu, lakini alisema, na wote tuliona kwamba hapo hatang'oka. Baba mkubwa alikuwa anachezea kofia yake. Alipoongea, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliongea chini. "Sasa mama, tunafanyaje na huyu mtoto?"

Mama mkwe alimwachia mashavu. Alijifuta mikono kwenye kitenge, ingawa haikuwa na kitu.

"Mimi amenihesabu," alisema. "Na wewe amekuhesabu. Abaki na mama yake."

Nililiweka birika chini, sikumbuki wapi. Nililia mbele yao wote, kwa sauti, sauti mbaya ya mtu aliyechelewa msibani, na sikuweza kuizuia wala sikutaka. Mwalimu alitoka nje taratibu. Binti yangu alikuja akashika gauni langu kwa mikono miwili, akauliza kama nimeungua na chai.